Stashahada ya Uzamili katika Elimu inatosha, au niongeze na shahada ya uzamili?

Mwalimu wa Kemia, Kasulu:

Ndugu walimu na wakufunzi, shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za kazi. Naomba ushauri katika jambo ambalo nimelizungusha kichwani tangu mwezi uliopita bila kufika mwisho wake.

Nina shahada ya kwanza ya sayansi katika kemia na biolojia, ambayo niliisoma bila kozi za ualimu, kwa kuwa wakati ule nilitarajia kufanya kazi ya maabara. Kazi hiyo haikupatikana, nikarudi nyumbani Kasulu, na kwa miaka mitatu sasa ninafundisha kidato cha tatu na cha nne katika shule ya binafsi ya hapa wilayani. Nilianza kwa kuziba pengo la mwalimu wa kemia aliyehama, nikidhani nitakaa muhula mmoja, lakini kazi hii imeniingia moyoni na sitaki tena kuwa mtu anayeshikiza kipindi cha mwingine. Nataka niwe mwalimu kwa haki zote.

Mwaka huu nimekusudia kujiunga na Stashahada ya Uzamili katika Elimu, ile inayompa ualimu mwenye shahada isiyo ya ualimu, kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kwa sababu kina kituo mjini Kigoma na sitalazimika kuacha kazi. Hapo sina shaka. Shaka imeletwa na ndugu zangu wawili ambao kila mmoja amenivuta upande wake. Kaka yangu anasema stashahada hiyo ni karatasi ya kuingilia darasani tu, na kwamba nikiipata niunganishe palepale shahada ya uzamili, kwa maana akili ikishapoa vitabu huwa vizito. Shemeji yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi huko Buhigwe, anasema shahada ya uzamili ni ya watu wanaotaka kuhama darasani, na kwamba mwalimu anayebaki na chaki haimwongezei kitu zaidi ya madeni.

Ninachotaka kujua ni haya. Je, shahada ya uzamili humfanya mwalimu afundishe vizuri zaidi, au ni njia ya kutokea darasani kama anavyosema shemeji? Na kama ni ya kuongeza, niichukue ya elimu, kama vile mitaala na ufundishaji, au nirudi kwenye kemia yenyewe? Tena, kozi nitakazosoma katika stashahada zitahesabiwa nikiingia shahada ya uzamili, au nitaanza upya? Wastani wangu wa shahada ya kwanza ni 3.1 kati ya 5, na bado ninadaiwa mkopo wa elimu ya juu.

Ninawaomba wenye uzoefu wanieleze kwa undani walichokiona, hata kama ni kichungu. Kauli ya kwamba elimu haina mwisho nimekwisha kuambiwa na kila mtu.

Mzee wa Ng'ambo, Tabora:

Marahaba, mwanangu. Nimefundisha miaka thelathini na minne, na kumi na mmoja ya mwisho nilikuwa mkuu wa shule, kwa hiyo nimewapokea walimu wapya wa kila namna, na nitakujibu kwa yale niliyoyaona kwao.

Kwanza mwambie kaka yako kwa heshima kwamba ameipunja stashahada hiyo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka anayefundisha awe amesajiliwa kuwa mwalimu au awe na leseni ya kufundisha, na mwaka 2018 Bunge lilitunga sheria nyingine iliyoanzisha Bodi ya Kitaaluma ya Walimu. Matangazo ya ajira za walimu serikalini nayo, kwa mwenye shahada isiyo ya ualimu, hutaka awe na stashahada ya uzamili ya elimu. Kwa hiyo ni kweli kwamba ni karatasi ya kuingilia, lakini ukiisoma kama karatasi ya kuingilia utakuwa umeitupa. Humo ndimo utakamofundishwa kwa mara ya kwanza mambo ambayo sasa unayafanya kwa kubahatisha: jinsi azimio la kazi linavyozaa andalio la somo, jinsi mtoto wa miaka kumi na mitano anavyofikiri, na jinsi ya kutunga mtihani unaopima kile ulichofundisha.

Hili la mtihani nalisisitiza kwa sababu lilinisumbua. Niliwahi kumpokea kijana mwenye shahada ya uzamili ya fizikia, mwenye akili nyingi na adabu njema, ambaye hakuwa amepitia ualimu hata siku moja. Mitihani yake yote iliuliza maana ya istilahi. Watoto walikariri, wakapata alama nzuri mwaka mzima, na sote tukafurahi; walipokutana na mtihani wa taifa, uliowataka watumie kanuni katika jambo jipya, walianguka kwa wingi. Kijana yule alilia ofisini kwangu. Hakuwa mzembe; hakuna aliyewahi kumwonyesha jedwali la utahini, akajua kwamba maswali hugawanywa kwa uzito wa mada na kwa ngazi ya fikra. Mwalimu wa stashahada aliyefundisha chumba cha pili alimwelekeza kwa majuma mawili, na mwaka uliofuata mambo yakabadilika.

Kuhusu kuunganisha moja kwa moja, mimi nasema usiunganishe. Sisi watu wa Tabora tuna mfano wa karibu. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa amesoma hapa hapa Tabora katika shule ya serikali ya wavulana, alimaliza mafunzo ya ualimu Makerere mwaka 1945, akarudi kufundisha shule ya Mtakatifu Maria hapa mjini kuanzia mwaka 1946, na ni mwaka 1949 tu ndipo alipokwenda Edinburgh kusoma shahada aliyoimaliza mwaka 1952. (Shahada ile kwa desturi ya Scotland huitwa kwa jina la uzamili ingawa ni ya kwanza, jambo ambalo wengi huchanganya.) Ualimu ulitangulia, chaki ikafuata, shahada ikaja baadaye. Mtu anayekwenda chuo kikuu baada ya kusimama mbele ya watoto miaka mitatu hukaa darasani na maswali yake mwenyewe, ilhali anayeunganisha hukaa na maswali ya mhadhiri.

Maliza stashahada, fundisha miaka mitatu ukiwa mwalimu kamili, kisha ndipo ufikirie uzamili.

Uvinza Stesheni:

Mimi ni mwalimu wa jiografia Uvinza, na nimemaliza Shahada ya Uzamili katika Elimu kwa njia ya masafa, nikichagua uongozi, mipango na sera. Shikamoo Mzee wa Ng'ambo. Yako nimeyasoma na ninayaheshimu. Mimi nitazungumzia muda na fedha, kwa kuwa hayo ndiyo nisiyoambiwa kabla ya kuanza.

Shahada ya uzamili katika mfumo wetu wa vyuo vikuu huhesabiwa kuwa na krediti 180, na krediti moja ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi. Fanya hesabu, dada yangu: ni saa 1,800. Ukitaka kumaliza kwa miaka miwili unahitaji saa kama kumi na saba kila juma, bila kuacha juma la mitihani ya shule, la msiba, wala la mvua iliyokata barabara. Ukiwa na vipindi ishirini na nane kwa juma na madaftari ya watoto mia na themanini ya kusahihisha, saa kumi na saba zinatoka wapi? Kwangu zilitoka usiku, kisha zikaisha. Nilichukua miaka minne.

Kozi za darasani nilizimaliza vizuri. Kilichonichelewesha ni pendekezo la utafiti. Lilirudishwa mara tatu, na kila mara nilikuwa nimekwisha kusahau nilichokuwa nikifikiri, kwa sababu kati ya kulituma na kurudishiwa ilipita miezi. Msimamizi alikuwa mbali na alikuwa na wanafunzi wengi. Nilichojifunza ni kwamba usisubiri barua. Panda treni, au basi, ukamwone msimamizi wako ana kwa ana walau mara moja mapema, ukiwa na maswali yaliyoandikwa. Safari moja niliyofanya ilinivusha pahali ambapo miezi saba ya kuandikiana haikunivusha.

Kuhusu fedha, marejesho ya mkopo wa elimu ya juu hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na kwa sisi wa serikalini kuna asilimia 5 ya mfuko wa hifadhi ya jamii na asilimia 3 ya bima ya afya, bado kodi, na bado mkopo wa benki ambao wengi wetu tunao. Utaratibu hauruhusu makato yashushe mshahara chini ya theluthi moja ya ule wa msingi, lakini theluthi hiyo ndiyo utakayolipia ada, nauli na chakula cha nyumbani. Wewe uko shule ya binafsi, kwa hiyo piga hesabu zako kwa karatasi yako ya mshahara na usizipige kwa yangu.

Na wapo watakaokuambia kwamba mshahara utapanda. Ngazi za mishahara ya walimu serikalini zinaanzia B kwa mwenye cheti, C kwa stashahada ya kawaida na D kwa shahada. Anayetoka stashahada kwenda shahada hubadilishiwa muundo na huona tofauti. Mimi nilikuwa tayari na shahada, na nilipopeleka cheti cha uzamili kiliwekwa kwenye jalada langu, nikapongezwa, na nikaendelea kupanda kwa miaka ya kazi kama wenzangu wasio nacho. Sikunung'unika sana, maana sikusomea hilo, lakini ningependa ningelijua mapema.

Kosa langu mwenyewe ambalo nisingependa ulirudie ukiajiriwa serikalini ni kuanza masomo kimya kimya. Nilidhani kwamba kwa kuwa nasoma usiku, hayamhusu mwajiri. Cheti kilipotoka niliulizwa barua ya ruhusa, na sikuwa nayo. Ilichukua zaidi ya mwaka kulimaliza hilo. Barua ipite kwa mkuu wa shule, kwa afisa elimu, hadi kwa mkurugenzi, kabla hujalipa hata shilingi ya fomu.

Pamoja na yote hayo, je, najuta? Hapana. Kabla ya kusoma, nikiona takwimu za utoro wa shule nilikuwa naona uvivu wa watoto. Sasa naziweka juu ya ramani na kalenda, na naona kwamba utoro wetu huongezeka mahali fulani na miezi fulani, na kwamba kwa miaka mingi tumekuwa tukimwadhibu mtoto kwa ratiba ya shamba la baba yake.

Mama Gungu, Kigoma Ujiji:

Nawasalimu nyote. Mzee wetu wa Tabora ameshauri kwa hekima, ila katika hili la kusubiri miaka mitatu naomba niseme tofauti, na ninasema nikiwa mama.

Mimi nilianza na cheti cha daraja A. Nilitaka stashahada mwaka uleule, nikaambiwa nisubiri kwanza nipate uzoefu. Nikasubiri. Uzoefu niliupata, na pamoja nao nilipata watoto wanne, mama mkwe mgonjwa, na nyumba isiyokwisha kujengwa. Stashahada niliipata baada ya miaka tisa, na shahada baada ya mingine minane. Wanaume tulioanza nao kazi walipoambiwa wasubiri miaka mitatu, kwao ilikuwa mitatu kweli. Kwa mwanamke, miaka mitatu ya kusubiri haina uhakika wa kubaki mitatu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, wewe unayajua ya nyumbani kwako. Kama sasa una nafasi, una afya, na una mtu wa kukushikia nyumba siku za mitihani kituoni, usiiache kwa sababu tu kuna mpangilio mzuri zaidi kwenye karatasi. Tena unayo miaka mitatu ya darasani tayari. Ule uzoefu ambao mzee anautaka, sehemu yake unayo.

Mkufunzi wa Sayansi, Tabora:

Ninafundisha ufundishaji wa sayansi katika chuo cha ualimu, na maswali yako mawili ya mwisho ndiyo ninayoyajibu karibu kila mwaka, kwa hiyo niruhusu niandike kwa kirefu.

Wastani wako hauna tatizo. Kiwango cha kawaida cha kuingia shahada ya uzamili ni daraja la pili la chini, yaani kuanzia 2.7, na 3.1 ipo ndani yake. Hili nalisema mapema kwa sababu wapo wanaosoma stashahada ya uzamili wakidhani ni ngazi ya lazima ya kupandia shahada ya uzamili. Kwa mwenye wastani wa chini huweza kuwa ngazi. Kwako wewe kazi yake ni kukupa ualimu. Na kwa sababu hiyo usiingie ukitarajia kwamba kozi zake zitahesabiwa kwenye shahada itakayofuata. Kama kuna chuo kitakachokuahidi kuzihesabu, pokea ahadi hiyo kwa maandishi kabla ya kulipa. Bila maandishi, panga bajeti na muda wako kana kwamba utaanza upya.

Sasa, elimu au kemia? Watu huliuliza hili kama suala la heshima, kana kwamba kemia ni ngumu na elimu ni nyepesi. Tuliweke kando. Shahada ya uzamili ya kemia inataka maabara yenye vifaa, na maana yake ni kuhamia mji kama Dar es Salaam au Dodoma kwa sehemu kubwa ya masomo. Kutoka Kasulu huwezi kuifanya ukiwa bado na vipindi. Mlango inaoufungua ni wa utafiti wa sayansi na wa ufundishaji chuo kikuu, na hapo ujue kwamba vyuo vikuu kwa kawaida humtaka mhadhiri msaidizi awe amefaulu shahada ya uzamili kwa wastani wa 4.0 au zaidi, jambo ambalo halipatikani kwa kusoma kwa kuibia muda. Ya elimu unaweza kuisoma ukiwa kazini, na darasa lako ndilo linalokuwa maabara yako. Inakufaa ukitaka kubaki sekondari ukiwa imara zaidi, kuja kwetu kwenye vyuo vya ualimu, au kuingia kwenye kazi za mitaala, mitihani na usimamizi.

Nimekusoma, na sioni mtu anayetaka kuhama darasani. Unataka kuwa mwalimu bora wa kemia. Kwa mtu kama huyo ningechagua elimu, kwa sharti moja ambalo kwangu ndilo uzito wa jibu hili: swali la tasnifu, yaani andiko la utafiti la kuhitimu, litoke katika kemia unayoifundisha, Kasulu, kwa watoto ulio nao. Shahada nyingi za uzamili za walimu wetu hazimgusi mwanafunzi hata mmoja kwa sababu mwalimu aliacha shida ya darasani kwake akaenda kutafiti mada pana iliyokwisha kutafitiwa mara ishirini, akagawa dodoso, akahesabu asilimia, akafunga kitabu. Nimesimamia kazi za namna hiyo na nimeziona zikiwekwa kabatini. Huwa naumia, kwa sababu mtu ametoa saa 1,800 za maisha yake, kama ndugu wa Uvinza alivyozihesabu.

Nitoe mfano wa swali linalostahili saa hizo. Unafundisha asidi, besi na chumvi kidato cha tatu. Watoto wako wengi nyumbani huzungumza Kiha, darasa la kwanza hadi la saba walisoma kwa Kiswahili, na kidato cha kwanza wakaingia katika Kiingereza. Neno la Kiingereza la chumvi wanalijua kuwa ni ile ya mboga. Ukiwaambia kwamba zinki kloridi nayo ni chumvi, wanaandika daftarini wasichokiamini. Lakini mkoani kwenu kuna Uvinza, ambako tangu zama za kale watu wamechukua maji ya chemchemi za chumvi wakayachemsha na kuyaanika hadi fuwele zikabaki. Na kuna mawese, ambayo mama zao huyapika pamoja na kostiki soda yakawa sabuni, na sabuni hiyo, kwa mkemia, ni chumvi ya asidi za mafuta. Mtoto amekulia ndani ya somo hilo bila kuambiwa.

Basi uliza hivi: nikianza mada kwa fuwele za Uvinza na sabuni ya mawese, nikaruhusu mjadala wa kwanza uwe kwa Kiswahili, kisha ndipo nikaingiza istilahi za Kiingereza na milinganyo, je, wataweza kueleza chumvi wasiyoijua vizuri kuliko waliofundishwa kwa mpangilio wa kitabu? Hilo ni swali dogo, linapimika, lina mikondo miwili ya darasa ya kulinganisha, na jibu lake utalitumia Jumatatu inayofuata, liwe la ndiyo au la hapana. Shemeji yako akiona hivyo, sidhani kama atasema kwamba shahada ya uzamili ni ya wanaohama.

Mwana wa Ujiji, Leeds:

Nimesoma majibu yote kwa moyo mkunjufu, maana Ujiji ndiko nilikokulia na huku Uingereza nafundisha hisabati. Ninaongeza kidogo tu kutokana na nilivyopitia mimi, kwa kuwa hapa vitu viwili ambavyo Mwalimu wa Kasulu anavichanganya vimetenganishwa waziwazi.

Huku Uingereza kuna hadhi ya mwalimu aliyehitimu, ambayo huiita QTS, na hiyo ndiyo inayohusu ruhusa ya kufundisha katika shule za umma. Kisha kuna PGCE, ambayo ni tuzo ya kitaaluma ya chuo kikuu. Mtu anaweza kupata mafunzo ya ualimu ndani ya shule akatoka na QTS peke yake, au akaongeza na PGCE. Nilipewa chaguo hilo, na wenzangu kadhaa waliiacha PGCE kwa sababu ada iliongezeka na mkuu wa shule hakuitaka. Mimi niliongeza. Kazi za maandishi zilikuwa ngumu, lakini ndizo zilizonilazimisha kuuliza kwa nini watoto wangu walikuwa wakikosea sehemu zilezile za aljebra, badala ya kurudia maelezo yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. PGCE za ngazi hiyo mara nyingi huwa na krediti 60 kati ya 180 za shahada ya uzamili, na vyuo vinavyozikubali huweka ukomo wa miaka ya kuzitumia, kwa hiyo hata huku ahadi ya kuhesabiwa kozi ina masharti yake.

Ninachotaka mwenzangu aone ni kwamba stashahada anayoiendea Kigoma ni ya chuo kikuu tangu mwanzo. Ualimu na taaluma vimefungwa pamoja ndani yake. Asijione kana kwamba atakuwa na nusu ya elimu mpaka aongeze shahada. Walimu wenzangu walioishia kwenye QTS peke yake ndio waliopata tabu walipotaka kwenda kufundisha nchi nyingine, kwa sababu huko waliulizwa cheti cha chuo kikuu.

Mwalimu wa Kemia, Kasulu:

Nimewasoma nyote zaidi ya mara moja, na usiku wa jana nilimsomea shemeji jibu la Mkufunzi kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama na yeye anaweza kufanya hivyo kwa hesabu za darasa la tano.

Nimeamua nianze stashahada mwaka huu bila kuiharakisha. Sijaamua kuhusu kusubiri au kuunganisha, kwa sababu Mzee wa Ng'ambo amenishawishi na Mama Gungu ameniogopesha kwa ukweli. Mimi nina mtoto mmoja, na nafasi niliyo nayo sasa sijui kama itakuwepo baada ya miaka mitatu. Kwa vyovyote, nikifika kwenye uzamili nitakwenda na ya elimu, na ya mitaala na ufundishaji.

Mkufunzi, naomba jambo moja la mwisho. Mada ya chumvi ninaifundisha muhula ujao. Je, naweza kuanza kuweka kumbukumbu tangu sasa, kabla sijawa mwanafunzi wa uzamili, au zitakuwa hazina maana?

Mkufunzi wa Sayansi, Tabora:

Zina maana kubwa, ila zitumike kwa kazi yake halisi. Tasnifu itahitaji data zilizokusanywa baada ya pendekezo lako kupitishwa na kibali cha utafiti kutolewa, kwa hiyo za muhula ujao hutaziingiza humo kama matokeo. Zitakusaidia kulijua swali lako kabla msimamizi hajakuuliza, na hapo ndipo wengi hupoteza muda kama ndugu wa Uvinza alivyoupoteza kwenye pendekezo lake.

Mweleze mkuu wa shule unachofanya. Nunua daftari moja gumu. Kabla ya kipindi cha kwanza cha mada, wape watoto karatasi wasizoandika majina, uwaulize swali moja tu: chumvi ni nini, na taja tatu unazozijua. Waruhusu wajibu kwa lugha yoyote. Zikusanye, zihifadhi, usizisahihishe. Mada ikiisha, uliza swali hilohilo. Baada ya kila kipindi andika tarehe, ulichofanya, na walau sentensi moja aliyoisema mtoto, kwa maneno yake mwenyewe na kwa lugha aliyoitumia, hata kama ni Kiha; usiitafsiri siku hiyo. Na fuwele za Uvinza uziombe mapema kwa huyo ndugu wa jiografia, kama atakubali, maana zinazouzwa dukani zimekwisha kusagwa.

Uvinza Stesheni:

Nakubali. Nitakutumia kilo mbili za mawe ya chumvi kwa basi, na chupa moja ya maji ya chemchemi yenyewe ili wayachemshe wao. Niambie tu juma unaloanza mada.